Robert Boyle: Mkemia Aliyeogopa Kusema Asilolihakikisha

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ramadhani iliyopita nilipewa zamu ya kutoa darsa fupi baada ya Tarawehe. Mada yangu ilikuwa mchango wa Waislamu katika elimu. Katikati ya maneno nikasema, tena kwa kujiamini, kwamba Robert Boyle, yule anayeitwa baba wa kemia ya kisasa, aliiba kazi yake yote kwa Jabir ibn Hayyan. Watu wakaleta takbiri, nami nikafurahi. Tulipokuwa tunatoka, dada mmoja wa mwaka wa kwanza anayesoma kemia akanisogelea kwa adabu akaniuliza nimelisoma wapi jambo hilo. Sikuwa nimelisoma popote. Lilinijia kwenye simu, likanipendeza, nikalibeba mpaka mimbarini.

Nilimwahidi jibu. Nikaenda kusoma maisha ya Boyle tangu mwanzo hadi mwisho, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika hapa ili nao walioleta takbiri siku ile wayasome.

Robert Boyle alizaliwa tarehe 25 Januari 1627 katika ngome ya Lismore, kusini mwa Ireland. Alikuwa mtoto wa 14 wa Richard Boyle, mwenye cheo cha Earl wa Cork. Baba huyu alikuwa Mwingereza aliyevuka bahari kwenda Ireland mwaka 1588 akiwa hana kitu cha maana mfukoni. Uingereza ilikuwa inawanyang'anya wenyeji ardhi na kuwagawia walowezi, na mzee Boyle alijua kununua kwa bei ndogo. Mwaka 1602 alinunua mashamba makubwa ya Sir Walter Raleigh, Lismore ikiwemo, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa utawala ule. Tulikumbuke hili tunaposoma habari za mwanawe. Fedha zilizonunua vyombo vya maabara yake zilitoka kwa sehemu kubwa kwenye ardhi iliyokuwa ya watu wengine.

Baba hakupenda watoto wake walelewe kwa kudekezwa, kwa hiyo Robert alipelekwa akiwa mchanga kwa mlezi wa kijijini. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Utotoni alipata kigugumizi ambacho hakikumwacha maisha yake yote. Sisi tunaosoma kisa cha Nabii Musa (a.s.) na fundo la ulimi wake hatutashangaa kwamba mtu mzito wa kusema anaweza kupewa jambo zito la kufikisha.

Mwaka 1635, akiwa na miaka minane, alipelekwa shule ya Eton nchini Uingereza. Mwaka 1639 akasafirishwa na kaka yake Francis kwenda bara la Ulaya pamoja na mwalimu wao, wakakaa Geneva. Huko, usiku mmoja, radi na ngurumo zilimwamsha, akadhani Kiyama kimefika na yeye hayuko tayari. Akaweka nadhiri kwamba akipona ataishi maisha ya dini. Alikuwa kijana mdogo, na nadhiri ile aliishika mpaka kufa. Lakini baadaye alipatwa na mashaka makali juu ya imani yake mwenyewe, na mashaka hayo yakawa yanamrudia. Hakuyafunika. Alijifunza Kiebrania, Kigiriki, Kiaramu na Kisiria ili asome maandiko ya dini yake katika lugha zake za asili, badala ya kutegemea alichosimuliwa.

Majira ya baridi ya 1641 kuingia 1642 alikuwa Florence, Italia, akisoma kazi za Galileo. Mzee Galileo alifariki Januari 1642 karibu na mji huohuo. Wakati huo Ireland ilikuwa imeshawaka moto wa uasi ulioanza Oktoba 1641, fedha za baba zikakatika, na mwaka 1643 baba mwenyewe akafariki. Kijana alirudi Uingereza mwaka 1644 karibu akiwa mikono mitupu, akapokewa na dada yake Katherine, Lady Ranelagh, mwanamke msomi ambaye nyumba yake London ilikuwa kituo cha watu wa elimu. Dada huyu atakuwa nguzo yake mpaka mwisho.

Alirithi nyumba na shamba Stalbridge, kusini mwa Uingereza, akaanza kutafuta vyombo vya kemia. Tanuri la kwanza aliloagiza kutoka nje lilifika mwaka 1647 likiwa vipandevipande. Ilimbidi asubiri takriban miaka miwili kabla ya kuwa na maabara inayofanya kazi. Ndugu zangu mnaosubiri vifaa vya maabara kutoka Kigali, mnalijua jambo hili.

Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya, na wengi wa wasomi wetu pia, walifuata Wagiriki katika kusema kwamba kila kitu kimeumbwa kwa udongo, maji, hewa na moto. Wengine, wafuasi wa Paracelsus, walisema asili ya vitu ni chumvi, salfa na zebaki. Mwaka 1661 Boyle alitoa kitabu alichokiita Mkemia Mwenye Shaka. Ndani yake aliuliza swali jepesi: mmejuaje? Mnachoma kijiti, mnaona moshi, maji na majivu, mnasema hivyo ndivyo vilivyokuwa ndani yake. Je, kama moto wenyewe ndio uliovitengeneza? Na mbona dhahabu haitoi chumvi wala salfa hata ukiichoma siku nyingi? Yeye aliona kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe ndogo mno, na kwamba tofauti za vitu zinatokana na umbo, mwendo na mpangilio wa chembe hizo. Hakugundua orodha ya elementi tunayoisoma leo. Alichofanya ni kukataa orodha ya zamani iliyokosa ushahidi.

Hapo ndipo darsa langu lilipoanguka. Ile nadharia ya salfa na zebaki ina mizizi katika vitabu vinavyonasibishwa na Jabir ibn Hayyan. Walioiongeza chumvi ni wa Ulaya, lakini msingi ulitoka kwetu. Kwa hiyo katika kitabu chake mashuhuri Boyle anaibishia nadharia yenye mizizi kwa Jabir. Mtu haibi nyumba anayoibomoa.

Tena kuna jingine. Vitabu kadhaa vya Kilatini vilivyobeba jina la Geber, yaani Jabir, viliandikwa Ulaya katika karne ya 13, na jina hilo likawekwa juu ili vipate heshima. Hiyo ni fahari kwetu, maana watu walikuwa wanaazima jina la Mwislamu ili wasikilizwe. Deni la kweli lipo na halihitaji chumvi. Neno kemia lenyewe lilipitia katika Kiarabu, al-kimiya. Neno alkali ni letu. Kazi za al-Razi za kukereketa na kusafisha vitu zilisomwa Ulaya kwa karne nyingi. Na Ibn Sina alikanusha kwamba binadamu anaweza kugeuza madini duni kuwa dhahabu, miaka zaidi ya 600 kabla ya Boyle. Boyle, pamoja na shaka zake zote, aliamini kwamba inawezekana. Alitafuta siri hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1689 alisaidia kufutwa kwa sheria ya zamani ya Uingereza iliyokataza kutengeneza dhahabu. Katika jambo hilo Ibn Sina alikuwa sahihi na Boyle alikosea. Mimi nilikuwa na hoja hii ya kweli mkononi, nikaiacha nikachukua ya uongo.

Turudi kwenye maisha yake. Kati ya 1655 na 1656 alihamia Oxford. Alikuwa amesikia kwamba Mjerumani Otto von Guericke ametengeneza pampu ya kutoa hewa ndani ya chombo. Akataka ya kwake. Fundi wa kwanza alishindwa. Aliyefaulu ni msaidizi wake Robert Hooke, kijana maskini mwenye akili na mikono ya ajabu, kati ya 1658 na 1659. Boyle hakumficha. Alilitaja jina la Hooke kitabuni, wakati ambapo mabwana wengi hawakuwahesabu wasaidizi wao kuwa watu wa kutajwa.

Kwa pampu ile walitoa hewa ndani ya chombo kikubwa cha kioo na kutazama kinachotokea. Mshumaa ulizimika. Ndege na panya walidhoofika na kufa. Sauti ya saa iliyoning'inizwa ndani ilififia. Mwaka 1660 alichapisha majaribio 43 katika kitabu kuhusu hewa na uwezo wake wa kujikaza na kujikunjua kama springi. Ukitaka kuuelewa uwezo huo, chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole gumba, kisha sukuma. Utahisi hewa inakusukuma nawe. Hilo ndilo Boyle alilotaka kulipima.

Kitabu kilipata wapinzani. Mwanafalsafa Thomas Hobbes alikishambulia. Padri mmoja Mjesuiti, Franciscus Linus, alisema hewa haina nguvu hiyo, bali kuna uzi usioonekana unaovuta zebaki ndani ya bomba. Boyle hakumtukana. Alichukua bomba la kioo lililopindwa kama herufi J, upande mfupi umezibwa, akamimina zebaki kupitia upande mrefu na kupima hatua kwa hatua. Zebaki ya upande mrefu ilipozidi ile ya upande mfupi kwa inchi 29 hivi, hewa iliyofungwa ilibaki nusu ya nafasi yake ya mwanzo. Maana yake ni kwamba, joto lisipobadilika, ukiongeza msukumo mara mbili ujazo wa hewa hupungua kwa nusu. Jambo hilo lilichapishwa mwaka 1662, na leo kila mwanafunzi wa sekondari analiita Kanuni ya Boyle. Mwenyewe alikiri kwamba wazo la uwiano huo alilipata kwa Richard Towneley. Kanuni mashuhuri ilizaliwa kwa sababu mtu alijibu upinzani kwa kipimo. Wenye midahalo ya usiku bwenini tuna la kujifunza.

Sisi wa Rusizi tunaishi na kanuni hii mlangoni. Chini kabisa ya Ziwa Kivu kuna gesi nyingi iliyoyeyuka majini: takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidioksidi na 60 za methani. Inabaki chini kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake. Kule Karongi wanateremsha bomba mpaka mita 350 hivi. Maji yakipanda, msukumo hupungua, na gesi hutoka kama soda inapofunguliwa. Kule kutoka kwa gesi majini kuna kanuni yake nyingine, iliyopatikana baada ya Boyle. Lakini povu likishazaliwa na kuanza kupanda, linavimba kwa kanuni ya Boyle. Povu linalotoka kina cha mita 10 likifika juu huwa limekuwa kubwa takriban mara mbili. Umeme unaozalishwa kwa methani ile unategemea ujuzi wa mambo hayo.

Boyle hakuishia kwenye hewa. Mwaka 1664 alieleza kwamba sharubati ya maua ya violet hugeuka nyekundu ikitiwa asidi na kijani ikitiwa alkali. Karatasi ya litmasi mnayoitumia maabara inatoka katika ukoo huo wa fikra. Mwaka 1680 alifaulu kutengeneza fosforasi kutokana na mkojo wa binadamu, baada ya Wajerumani kuipata.

Kilichonigusa zaidi mimi ninayesoma elimu ya hadithi ni namna yake ya kuandika. Aliandika nani alikuwepo jaribio lilipofanyika, chombo kilikuwaje, nini kilivuja, nini kilishindikana. Mwaka 1661 alichapisha insha mbili nzima kuhusu majaribio yasiyofaulu. Wanaalkemia wa zama zake walificha mapishi yao kwa mafumbo, naye, ingawa katika siri za dhahabu alikuwa mfichaji kama wao, katika mengine alitaka msomaji aweze kurudia kazi na kumkosoa. Ndugu zangu, hiyo ni karibu na isnadi. Imamu Bukhari hakupokea maneno kwa uzuri wake, aliuliza yamepita kwa nani. Sura al-Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Boyle alifanya hivyo kwa habari za hewa na madini. Mimi, mwanafunzi wa isnadi, sikufanya hivyo kwa ujumbe wa simu.

Uangalifu huo alikuwa nao hata katika kiapo. Tarehe 28 Novemba 1660 alikuwa mmoja wa watu 12 walioasisi chama cha wanasayansi cha London kiitwacho Royal Society. Mwaka 1680 walimchagua kuwa rais wake. Alikataa, kwa kuwa cheo kilidai kiapo, naye aliogopa kuapa. Waliomjua walisimulia kwamba hakulitaja jina la Mungu bila kunyamaza kidogo kwanza. Sisi, tukishindana bei ya nyanya soko la Kamembe, tumeshasema wallahi mara tatu.

Sasa nifike pagumu. Boyle hakuwa rafiki wa dini yetu. Alitoa fedha nyingi kueneza Ukristo: Biblia kwa Kiayalandi, Injili kwa Kimalei mwaka 1677, na mwaka 1660 tafsiri ya Kiarabu ya kitabu cha Hugo Grotius cha kuutetea Ukristo, ili kisambazwe katika nchi za Waislamu. Katika wasia wake aliacha fedha za mihadhara ya kila mwaka ya kuwajibu wasioamini, na Waislamu tumetajwa humo pamoja na wengine. Ukiulizwa kama mtu huyu anafaa kuandikwa katika jarida letu, swali hilo ni la haki.

Lakini sikilizeni kilichotokea kwa kitabu kile cha Grotius. Toleo la Kilatini lilikuwa na hadithi ya kipuuzi kwamba Mtume (s.a.w.) alifuga njiwa wa kumnong'oneza sikioni, watu wadhani ni wahyi. Mfasiri wake, Edward Pococke, mwalimu wa Kiarabu Oxford, alimuuliza Grotius ameipata wapi. Grotius alikiri kwamba Waislamu wenyewe hawaijui habari hiyo. Pococke akaiondoa katika tafsiri ya Kiarabu, kwa kuwa wasomaji wangeicheka. Katika Kilatini ikabaki, na Wazungu wakaendelea kuisoma na kuifurahia.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Ule uongo uliishi kwa sababu uliwapendeza walioupokea, na hakuna aliyewauliza wameupata wapi. Na mimi nilifanya nini siku ile baada ya Tarawehe? Nilimfugia Boyle njiwa wangu. Tofauti ni kwamba mimi nilipata wa kuniuliza, Allah amlipe kheri dada yule.

Mwaka 1668 Boyle alihamia London nyumbani kwa Lady Ranelagh. Mwaka 1670 alipooza, akapata nafuu taratibu. Macho yake yalikuwa dhaifu, akawa anasomewa na kuandikiwa na wasaidizi. Hakuoa. Ndugu hawa wawili waliishi pamoja miaka 23. Dada alifariki tarehe 23 Desemba 1691, na wiki moja baadaye, mwisho wa mwezi huohuo, kaka akamfuata. Walizikwa London katika kanisa la Mtakatifu Martin. Kanisa hilo lilibomolewa katika karne iliyofuata ili kujengwa jipya, na kaburi lake leo halijulikani lilipo.

Basi dada yangu wa mwaka wa kwanza, jibu lako ni hili: Boyle hakuiba kwa Jabir. Wote wawili wana sehemu yao katika elimu hii, na kila mmoja anatosha bila kusingiziwa au kusingiziwa mwenzake. Allah anatutaka tuwe waadilifu hata kwa watu tusiopatana nao. Darsa ijayo nikipewa zamu, nitaanza kwa kuyasahihisha niliyoyasema, mbele ya walewale walionisikia.

Allah atupe ulimi unaosubiri ushahidi, na elimu yenye manufaa. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.